Alama ya Rangi ya Kucha

Mtaa wa Sikukuu,
Kariakoo,
Dar es Salaam.
Jumapili, 22 Juni 2025

Kwa Baba yangu mpendwa, Mzee Hamud,
Tabora.

Assalaam alaykum Baba, na shikamoo.

Naanza na wewe kabla ya mambo yangu. Goti linaendeleaje na baridi ya asubuhi ya huko? Shangazi Zamzam aliniambia siku hizi unavaa lile sweta la kijani mpaka saa sita mchana na hutaki kuulizwa. Naye presha yake imetulia? Mwambie asali aliyonitumia imekwisha, na asiulize imekwishaje mapema hivyo, maana nilikuwa naila kwa kijiko bila hata mkate. Nawaombea afya nyote wawili, pamoja na majirani wanaonikumbuka. Mimi ni mzima, ila kuna kipande kimoja kidogo ambacho si kizima sana, nacho ndicho kilichonifanya nishike kalamu.

Najua unaigeuzageuza bahasha hii ukijiuliza nani anaandika barua zama hizi wakati simu ipo. Nimeandika kwa mkono, kwa herufi kubwa, ili usihangaike na miwani. Sababu ya kuandika badala ya kupiga iko mbele. Nakuomba usiruke kurasa kwenda kuitafuta, kama unavyofanya na gazeti ukianzia ukurasa wa mwisho. Soma kwa mpangilio, Baba, mara hii tu.

Bado nakaa pale pale, ghorofa ya tatu, chumba kimoja na nusu. Kwenye kile kizima nalala na kupika, na kwenye ile nusu ndiko iliko studio: kompyuta, kinanda kidogo, maikrofoni, magodoro mawili niliyoyasimamisha ukutani ili sauti isirudi, na hedifoni zangu. Hapo ndipo ninapotengeneza nyimbo za watu, kaswida, nyimbo za harusi, na hata matangazo ya redio. Kazi naipenda, na nasema bila kujisifu kuwa nayo imenikubali.

Shida ilikuwa dirisha. Uliondoka Kariakoo kabla ya wamachinga kugundua vipaza sauti vya betri, na nakuambia uliondoka wakati mzuri. Sasa mtu anarekodi tangazo lake mara moja tu, anakiweka kipaza sauti juu ya meza, na chenyewe kinarudia maneno yale yale mpaka magharibi. Chini ya dirisha langu viko vinne. Kimoja kinauza soksi, kimoja sufuria, kimoja dawa ya mende na kunguni. Cha nne sijawahi kujua kinauza nini, kwa sababu kinazidiwa na cha mende. Mwenye soksi akiongeza sauti, mwenye sufuria naye anaongeza, na hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kufikiria kupunguza.

Na mimi je? Mimi ni mtoto wa Kariakoo, nilifanya kile anachofanya kila mtu hapa jirani yake akipaza sauti. Nilivaa hedifoni nikaongeza muziki mpaka mende wakapotea. Mende wakirudi, naongeza tena. Hivyo kuanzia asubuhi mpaka jioni, kwa miaka minne. Jioni nikivua, masikio yanakuwa ya moto, yameziba kama mtu aliyetoka kuogelea, na ndani ya la kushoto kuna mlio mwembamba usioisha, kama birika linalotaka kuchemka. Nilijiambia ni nta. Nikadondoshea mafuta ya nazi ya uvuguvugu kama Shangazi alivyokuwa akinifanyia utotoni, nikaishia kuchafua mto.

Sasa nije kwa Rachel. Huyu ni kiongozi wa kwaya moja kule Jangwani, mwanamke mpole mwenye sauti ya ajabu, na alinipa kazi ya kutengeneza albamu nzima ya kwaya yao. Najua utaguna kusikia bintiyo anatengeneza nyimbo za kanisani. Guna umalize, Baba, kisha ukumbuke kuwa wewe mwenyewe kila Desemba ulikuwa ukizipanga kanda za kwaya mbele kabisa ya duka lako la muziki. Niliushughulikia wimbo wa kwanza kwa wiki mbili, nikampa nikiwa nimevimba kichwa, nikijua nimefanya kitu.

Jumapili wakaupiga kanisani ili waumini wauonje. Rachel anasema kabla ubeti wa kwanza haujaisha, kina mama wazee wa mstari wa mbele walikuwa wameziba masikio kwa viganja, na kuna mtoto mchanga alianza kulia akagoma kunyamaza. Kila herufi ya S ilikuwa inachoma kama sindano. Basi wao, kwa wema wao, hawakunifikiria mimi. Mwezi wa nne mafuriko yaliingia stoo ya kanisa, wakaamini spika zilikunywa maji. Wakazipakia kwenye mkokoteni mpaka kwa fundi mmoja hapa Kariakoo.

Fundi akazijaribu spika kwa wimbo mwingine, kisha akaupiga wa kwetu. Akawaambia spika hazina tatizo lolote, kinachoumwa ni wimbo. Akaongeza kuwa aliyeutengeneza ana sikio linalokufa, na kama bado wanamhitaji wamwambie amfuate haraka. Rachel alinisimulia yote hayo akiwa ananitazama, isipokuwa ile sehemu ya mwisho, ambayo aliisema akiwa anaangalia sakafu.

Hasira zangu unazijua, ni zako. Kesho yake saa nne nilikuwa nimeshafika kwenye kibanda cha huyo fundi, kile kilichobanwa kati ya duka la vitenge na ngazi za ghorofa, nikiwa na maneno yangu yote tayari. Nilimkuta mzee ameinama juu ya spika, na kichwani amevaa vile vizibo vikubwa vya masikio wanavyovaa watu wa uwanja wa ndege. Nikammwagia. Nikamwambia yeye ni nani wa kuwaambia watu habari za masikio yangu, na ana cheti gani, na nikaendelea mpaka pumzi ikaniishia. Akainua kichwa, akavua, akaniuliza kwa adabu kama nimeleta redio au nimeleta malalamiko. Hakuwa amesikia hata neno moja.

Kisha akanikazia macho, akasema nyusi hizi anazifahamu, akauliza kama mimi si mtoto wa Mzee Hamud wa Kanda. Baba, ni Athanas! Athanas fundi spika, aliyekuwa mlango wa pili kutoka dukani kwetu. Ndiye yule uliyekuwa ukimtania kila siku kwa pamba alizojaza masikioni, ukimwambia amejikafini mwenyewe mapema ili asije akawasumbua ndugu zake. Alinikumbusha utani huo yeye mwenyewe, akacheka mpaka akashika mbavu. Ana miaka sitini na mitatu sasa. Pamba aliziacha zamani, anasema zilikuwa zinamfariji tu bila kumkinga, akahamia kwenye vifaa vya maana.

Alipomaliza kucheka aliniomba nikae kwenye stuli na nifumbe macho. Akasugua vidole vyake karibu na sikio langu la kulia, nikausikia mkwaruzo wake vizuri. Akahamia kushoto. Nikasubiri. Nikadhani ameacha, nikafumbua macho na kugeuka. Vidole vilikuwa vinaendelea kusuguana, sentimita chache kutoka kwenye sikio langu, na mimi sisikii kitu.

Akaziomba hedifoni zangu, nikampa. Alizigeuza, akavuta waya kidogo, akanionyesha kuwa upande wa kulia waya ulikuwa umekatika karibu wote, umebaki uzi mmoja. Ndiyo maana kulia sauti ilikuwa hafifu. Mimi miezi mingi nilikuwa naongeza sauti ili kulia nako kusikike, na mzigo wote unalishukia sikio la kushoto. Alilehemu ule waya kwa dakika tano. Dakika tano, Baba. Nilitamani nimlaumu mtu, lakini pale kibandani tulikuwa wawili tu, na yeye ndiye aliyekuwa ananisaidia.

Akanielekeza Upanga, kwenye kliniki ndogo ya masikio, nikamkute Neha, binti wa yule Mzee Natvarlal aliyekuwa akikuletea kanda tupu kwa katoni. Neha amekuwa mtaalamu wa kupima masikio, na bado anaongea haraka kama baba yake. Aliniweka kwenye chumba kidogo kisichopitisha sauti, nikawa nabonyeza kitufe kila nikisikia mlio. Aliniambia bila kuficha: mlio wa birika huenda ukapungua nikipumzika, lakini baadhi ya sauti nyembamba za sikio la kushoto zimekwenda na hazitarudi. Wiki mbili nisiguse hedifoni. Na nikirudia mtindo wangu wa zamani, nisitegemee kumwona tena akiwa na habari nzuri. Nikalia kwenye bajaji tangu Upanga mpaka nyumbani, nikalia hivi kwamba dereva alizima redio yake bila kuombwa.

Ujue nilichokuwa nalilia. Sina kazi nyingine. Sikusomea kingine, sitaki kingine, na hakuna anayempelekea wimbo prodyuza asiyesikia. Albamu ya Rachel ilikuwa izinduliwe katikati ya mwezi huu wa sita, na wenzake wawili kwenye kamati walikuwa wameshataja jina la prodyuza mwingine. Rachel akawaambia watanisubiri wiki tano, kisha ndipo waamue. Nikihesabu na wiki mbili za kutogusa kitu, nilibakiwa na wiki tatu za kuthibitisha kama bado mimi ni mtu wa kazi hii.

Zile wiki mbili nilizimalizia kibandani kwa Athanas, na sijutii hata siku moja. Nimekutana na watu wengi wanaojua muziki, lakini sijaona mtu anayeyaheshimu masikio yake kama yule mzee. Miaka thelathini na kitu amezungukwa na spika, na bado shilingi ikidondoka duka la vitenge anakuambia ni ya mia au ya mia mbili. Nilimjaribu mara tatu, akapatia zote. Amplifaya haipimi nguvu kwa kuifungulia imngurumie, anaiunganisha na taa ya gari na kuutazama mwanga wake. Spika akitaka kujua kama imechanika anaweka ncha ya kidole kwenye karatasi yake na kuipigia sauti ndogo kabisa, anakuambia mpasuko uko upande gani. Lazima aifungulie kwa nguvu? Anaigeuzia ukutani, anavaa vizibo vyake, anasimama nyuma, na haizidi dakika moja. Kila baada ya kazi moja anatoka, ananunua kahawa, anakaa kimya mpaka kikombe kiishe. Nilidhani anapenda kahawa. Akaniambia kahawa haipendi kabisa, ila mtu akikaa na kikombe mkononi watu hawamwoni mvivu.

Siku ya kumi na tano ndiyo aliyonipa ruhusa ya kuvaa hedifoni, na kwa njia ambayo nitaisimulia mpaka nizeeke. Alipanda ngazi zote mpaka chumbani kwangu, akakaa umbali wa mkono ulionyooshwa, akafungua gazeti la michezo. Aliniambia niweke wimbo, naye atakuwa anasoma kwa sauti ya kawaida ya mazungumzo, na mimi niongeze polepole mpaka maneno yake yapotee. Akachagua habari ya ushindi wa timu yake ya Jangwani, maana ya kufungwa alisema hasomi hata kwa ajili ya sayansi. Nikaongeza. Maneno yake yakazama. Akaniashiria nirudi nyuma kidogo, kidogo tena, mpaka nilipoweza kumtajia jina la aliyefunga bao la pili. Pale akaushika mkono wangu, akauliza kama nina rangi ya kucha. Nilikuwa nayo, nyekundu. Akachora alama kando ya kitufe cha kuzungushia sauti, akasema hapo ndipo mwisho wa dunia. Kisha akaniomba kichupa, kwa sababu alama yake ya kibandani ilikuwa imefutika. Baba, nilipotazama mahali nilipokuwa nimezoea kukiweka kitufe kile, palikuwa mbali na alama kiasi kwamba niliona haya mbele yake.

Kikabaki kitendawili cha mende. Kwa sauti ile ndogo, dawa ya mende ingeniingilia mpaka katikati ya kwaya. Athanas alisimama dirishani akawasikiliza wale jamaa wanne, akasema mtaa hauwezi kushindwa kwa kelele, ameona wengi wakijaribu. Nitafute saa zake za kulala. Basi sasa nafanya kazi kuanzia baada ya swala ya alfajiri mpaka saa tatu, wakati wanapanga meza zao. Ijumaa mchana maduka yakifungwa kwa swala, napata tena saa moja na nusu ambayo Kariakoo yote inakuwa kama imemwagiwa maji. Muda uliobaki nafanya mambo yasiyohitaji masikio, na nikisikiliza, kila wimbo ukipita mara tatu navua na kupanda juu ya paa nikatazame nguo za watu zilizoanikwa.

Kwa hali hiyo nikaufumua wimbo wa Rachel wote. Kwa sauti ya chini nilisikia makosa yangu kama mtu anayesomewa mashtaka: nilikuwa nimezizidisha sauti nyembamba kwa sababu mwenyewe nilikuwa sizisikii. Kwa zile ambazo sikio la kushoto limezipoteza, nazivaa hedifoni kinyume, kulia kushoto na kushoto kulia, ili sikio zima lisikilize pande zote mbili kwa zamu. Hiyo nayo alinifundisha Athanas, na kwa mtindo huo nikamaliza nyimbo zote za albamu.

Uzinduzi ulikuwa Jumapili iliyopita. Nilikaa nyuma, mtandio kichwani. Wimbo ukaanza. Nilikuwa siwatazami waimbaji, nawatazama wale kina mama wa mstari wa mbele na viganja vyao. Viganja vikabaki mapajani. Ubeti wa pili vikaanza kupiga makofi. Athanas alikuwa amesimama karibu kabisa na spika ya kulia, vizibo vyake vimening'inia shingoni, na mpaka wimbo unaisha hakuvigusa. Kwa mtu mwingine hilo si kitu. Mimi nilitoka nje nikalia tena, safari hii kwa raha, na Rachel akanifuata akanikumbatia akaniambia albamu zote zinazokuja ni zangu.

Sasa Baba, tumefika kwenye ile sababu ya barua.

Jioni ile ile nilikupigia. Nilikuwa na furaha na huzuni kwa pamoja, nikataka uwe wa kwanza kusikia. Nikaanza na zito. Nikakuambia sikio langu la kushoto limeharibika, na mtaalamu kasema halitarudi. Ukanijibu mashallah, Mungu azidishe. Ukaniuliza kama huku mvua imekatika, ukanipa Shangazi. Nikamsalimia kwa kifupi, nikakata.

Kesho yake nilikwenda kwa Athanas nikiwa nimejaa. Nikamwambia hata sikio langu likifa, kwako ni kama nimekuletea mjukuu. Nikamwambia na la zamani, ambalo sikuwahi kumwambia mtu, nawe sasa nakuungamia. Miaka miwili iliyopita wimbo wangu wa kwanza ulipopigwa redioni, nilikutumia, nikakupigia nikuulize. Ulisema nzuri, kisha ukaulizia bei ya mchele. Nilisema moyoni kuwa unaidharau kazi yangu, wewe uliyenilea ndani ya duka la muziki. Idd nne zilizofuata sikuja Tabora, nikisingizia kazi. Hapakuwa na kazi yoyote, Baba. Idd zote nne nilikuwa hapa hapa chumbani, nakula pilau niliyoletewa na Najma wa ghorofa ya pili, na Shangazi akipiga namwambia nipo na wateja. Nilikuwa nakukomoa.

Athanas alinisikiliza mpaka mwisho, akaweka chini kifaa chake cha kulehemia. Akaniuliza kama naikumbuka ile spika kubwa ya dukani. Nikamwambia naikumbuka, ilikuwa juu ya kiti chako, upande wa kulia. Akasema hapo sipo ilipokuwa mwanzo.

Akanisimulia kuwa mama yangu Mauza, Mungu amrehemu, alipofariki na mimi nina miaka sita, ukaanza kunileta dukani kila nikitoka shule, ukanitandikia mkeka kwenye kona ya kushoto nifanye kazi zangu za shule. Spika ilikuwa juu ya kona ile ile. Siku moja ukaniona nimeandika huku bega nimelipandisha mpaka sikioni. Ukamwita Athanas siku hiyo hiyo. Yeye akakushauri upunguze tu sauti. Ukamwambia ukipunguza, duka la mbele litakumeza, na mtoto anahitaji kula. Akakushauri uitoe nje, ukasema itaibiwa. Basi ukamwambia aihamishie upande wa pili, juu ya kiti chako, na aielekeze mbali na kona. Alipokuonya kuwa itakuwa kwenye sikio lako kutwa nzima, ulimwambia wewe ulikwishasikia vya kutosha. Ukakaa chini yake miaka kumi na moja, kwa sababu duka lilikuwa jembamba na droo ya pesa ilikuwa pale. Pamba zake uliendelea kuzicheka ili asirudie kukuambia.

Baba, najua kuwa husikii. Mtandao wa Tabora hauna ubaya wowote, Shangazi anasikika vizuri kwa simu ile ile. Mashallah unayonijibu, unaijibu kwa sababu umesikia ni sauti yangu, na ikiwa ni mimi basi kwako ni heri. Sasa naelewa kwa nini dukani ulikuwa unageuza shingo mteja akiuliza kitu, na mimi nikidhani ni maringo. Wimbo wangu hukuudharau. Hukuusikia, ukaona vibaya kuniambia.

Ulinitunzia masikio kwa kutoa lako, na mimi nikachukua moja nikalichezea kwa kushindana na dawa ya mende. Hili ndilo linaloniuma kuliko mlio wote wa birika. Nisamehe kwa sikio, na nisamehe kwa zile Idd nne. Hakuna mtu ninayemwona mkubwa duniani kama wewe, na nimechelewa kukuambia mpaka imebidi nikuandikie.

Nimeshaongea na Neha. Anasema viko vifaa vidogo siku hizi, vinakaa nyuma ya sikio wala havionekani chini ya kofia, na anakusubiri akupime. Nakuja kukuchukua mimi mwenyewe wiki ya pili ya Julai. Usianze kumwambia Shangazi kuwa huna shida, maana nimeshamwandikia naye karatasi yake ndani ya bahasha hii, na amekubali kabla hajaulizwa, namjua.

Athanas anakusalimu sana. Anasema ukija atakupa pamba bure, za kutosha pande zote mbili, na kwamba sasa ni zamu yake kucheka. Neha anakusalimu, na Rachel pia, ambaye ameniomba nikuambie kwaya yao imekuombea, na nimempokelea kwa niaba yako. Msalimie Shangazi Zamzam na umbusu mikono. Mwambie nikija nakuja na debe tupu kwa ajili ya asali.

Usihangaike kunijibu kwa simu. Nikifika tutakaa barazani, nami nitakaa kushoto kwako. Nimelifikiria jambo hilo vizuri: nikikaa upande huo, sikio lako la kushoto, lenye nafuu, litakuwa kwangu, na langu zima litakuwa kwako, na hakuna kati yetu atakayehitaji kupaza sauti.

Ni mimi mwanao, wa kwenye mkeka wa kona ya kushoto,

Khairunnisa